Penye Silabi Pungufu: Kupima Mizani na Vina vya Shairi Fupi la Mauti

Mtoto wa Balambala hukutana na ushairi wa mauti kabla hajalijua neno mizani. Nyumbani lugha ni Kisomali, na Kisomali kina baroordiiq, utungo wa kumlilia aliyefariki. Kina gabay ya wazee na buraanbur ya wanawake. Sikio lake linanolewa mapema. Kisha anaingia shuleni, anafunguliwa shairi la Kiswahili kuhusu kifo, anaambiwa achambue arudhi, yaani kanuni za mizani na vina, na sikio lile lile linamponza. Anahesabu na kupata saba penye nane. Anasaka mapatano ya sauti mwanzoni mwa maneno, kumbe Kiswahili kimeyaweka mwishoni.

Shida hiyo ina dawa, na haihitaji zaidi ya penseli na karatasi. Tena haihitaji mwalimu asimame pembeni, jambo ambalo kwa Kaunti ya Garissa, iliko Balambala, si dogo. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Tume ya Huduma za Walimu iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka sehemu za Garissa, Wajir na Mandera. Wapo wanafunzi waliobaki na kitabu bila mtu wa kukifafanua. Mwongozo huu umeandikwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa namna hiyo, ingawa mtu mzima anayependa tu kujua shairi limejengwaje hatakosa chake.

Shairi la kufanyia kazi ni hili. Limetungwa kwa ajili ya makala haya na halimo katika diwani yoyote. Linaitwa “Kivuko”, na mazingira yake ni ya Balambala: Mto Tana ambao Masinga na mabwawa mengine ya juu yakifurika huwatoa watu majumbani, na nyika ambayo tangu mwishoni mwa 2020 ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba.

Mto ukijaa maji, mtumbwi hautavuka,
Tajiri na mhitaji, ng'amboni hawatafika,
Mauti si mngojaji, huvuka yakishataka,
Kivuko hiki cha wote, nani asiyekivuka?

Ngamia wa malishoni, kwa kiu walianguka,
Na mchungaji porini, jua juu likiwaka,
Kajilaza mchangani, hakuamka,
Kivuko hiki cha wote, nani asiyekivuka?

Usishike penseli bado. Lisome kwa sauti, mara mbili au tatu, kwa mwendo wa kawaida, bila kuigiza. Mahali pamoja ulimi utajikwaa. Ukipasikia, pakumbuke tu. Tutaparudia, maana ndipo uchambuzi mzima unapoelekea. Ukishindwa kupasikia, jirekodi kwa simu kisha usikilize huku ukigonga meza kwa kila silabi. Mkono huwa mkweli kuliko jicho.

Sasa hesabu. Mizani ya Kiswahili ni idadi ya silabi katika mshororo, na silabi nyingi ni rahisi kuziona kwa sababu huishia kwa irabu. Irabu mbili zikifuatana, kila moja hujitegemea: “ukijaa” ni u-ki-ja-a, silabi nne, “mauti” ni ma-u-ti, tatu, “ngamia” ni nga-mi-a, tatu. Mkazo wa sauti, ule unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, hauna kazi hapa. Anayetoka kwenye somo la Kiingereza, ambako mkazo ndio unaopimwa, auache mlangoni.

Mtego uko kwenye herufi M. Chukua kipande cha kwanza: “Mto ukijaa maji”. Anayehesabu irabu pekee atapata o, u, i, a, a, a, i. Saba. Atasema mshairi amekosea, na atakuwa amemwonea. M ya “mto” ni silabi kamili ijapokuwa haina irabu: m-to. Basi ni m-to-u-ki-ja-a-ma-ji, nane. Ndivyo ilivyo kwa m-chu-nga-ji, m-hi-ta-ji, m-cha-nga-ni. N nayo hufanya hivyo katika maneno mafupi kama n-chi na n-ne.

Kosa hili humpata hasa msikilizaji wa gabay, na sababu yake inaeleweka. Mwaka 1976 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, anayefahamika zaidi kwa jina la Gaariye, alichapisha katika gazeti la Xiddigta Oktoobar la Mogadishu maelezo ya mizani ya ushairi wa Kisomali. Msingi wake ni irabu: fupi huhesabiwa moja, ndefu mbili. Wasomali walikuwa wakitunga hivyo kwa karne nyingi bila kuiandika kanuni; maandishi rasmi ya Kisomali yenyewe yalikuwa na miaka minne tu, yakiwa yameanzishwa mwaka 1972. Kwa hiyo sikio la Balambala linajua kupima, tena kwa ustadi, ila linapima irabu. Kwenye “ukijaa” kanuni mbili hizi zinakubaliana, kwa maana “aa” ni mbili huku na mbili kule. Kwenye “mto” zinaachana. Njia nyepesi ya kujikinga ni kuisoma M hiyo kama “mu” wakati wa kuhesabu: muto, muchungaji, muhitaji. Washairi wenyewe hawaoni haya kuandika “muhitaji”, na mizani haibadiliki.

Lakini si kila M ni silabi. Katika “mtumbwi” kuna M mbili, na ni ya kwanza pekee inayosimama: m-tu-mbwi, tatu. Ya pili imebebwa na irabu iliyo mbele yake. Vivyo hivyo “ng'amboni” ni ng'a-mbo-ni, na “anguka” ni a-ngu-ka. M ikifuatwa na B, au N ikifuatwa na D, G au J ndani ya neno refu, huungana na kinachofuata. Anayelikata neno hilo m-tu-m-bwi atazidisha moja na kulaumu shairi upande wa pili.

Maneno ya asili ya Kiarabu yana tabia yao. Daftari, sultani, labda, marhumu: je, konsonanti ile ya katikati isiyo na irabu ihesabiwe peke yake au iunganishwe na silabi iliyotangulia? Kubishana juu ya hilo ni kupoteza muda, kwa sababu shairi lenyewe hutoa hukumu. Ukiona mishororo mingine yote ina nane kwa nane, lijaribu neno kwa namna zote mbili, kisha chukua ile inayotimiza nane. Mshairi alilitamka hivyo.

Weka namba pembeni mwa kila kipande. Ubeti wa kwanza wa “Kivuko” utatoa nane na nane mara nne, yaani mizani kumi na sita kwa kila mshororo. Hicho ndicho kipimo ambacho wasomaji wengi hukipa jina la shairi pasipo kufikiri. Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina alikishika hicho hicho, nane kwa nane. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha kanuni za utunzi mwaka 1954 katika “Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri”, alizipa kanuni hizi uzito ambao walimu wa shule wameushikilia hadi leo, pengine kupita kiasi.

Koma iliyo katikati ya mshororo haikuwekwa kwa ajili ya pumzi tu. Inatenga kipande cha kwanza, ukwapi, na cha pili, utao. Shairi likiwa na kipande cha tatu kinaitwa mwandamo, na cha nne ukingo. “Kivuko” lina viwili, basi hayo mawili ya mwisho hayakuhusu leo. Angalia kazi ambayo vipande vinafanya badala ya kuvitaja tu. Katika mshororo wa pili ukwapi unatupa watu wawili, tajiri na mhitaji, na utao unatupa kushindwa kwao. Tofauti ya mali inakaa upande mmoja wa koma na upande wa pili inafutika. Mwanafunzi anayeandika “shairi lina vipande viwili, ukwapi na utao” amesema kweli, lakini hajaeleza lolote ambalo fundi wa kuhesabu asingeliweza.

Tuje kwenye vina. Kina cha Kiswahili ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti pamoja na irabu yake. “Taka” na “fika” zinapatana kwa -ka. “Taka” na “taga” hazipatani, hata kama masikio yanataka kuwa wakarimu. Ubeti wa kwanza una -ji katikati na -ka mwishoni, mishororo mitatu, kisha mshororo wa nne unaleta -te katikati na -ka mwishoni. Ubeti wa pili una -ni na -ka. Kina cha mwisho hakikubadilika shairi zima, cha kati kimebadilika. Huo ni mpangilio wa ukara. Vina vyote vingebadilika ubeti kwa ubeti tungesema ukaraguni. Visingebadilika kabisa, mtiririko. Mishororo minne kwa kila ubeti ni tarbia. Majina haya ni ya kukariri, na yakishakaririwa hayana siri nyingine.

Msomi wa gabay atauliza: na zile M je? Mto, maji, mtumbwi, mhitaji, mauti, mngojaji. Halafu malishoni, mchungaji, mchangani. Amesikia vizuri. Katika gabay kila kipande cha mstari hudai angalau neno moja linaloanza kwa sauti moja, na sauti hiyo haibadilishwi mpaka utungo uishe. Kwa kanuni hiyo “Kivuko” lingekuwa na M inayojitahidi kisha inashindwa: “jua juu likiwaka” haina, “hakuamka” haina, wala kibwagizo, ule mshororo wa nne unaorudiwa, hakina. Katika Kiswahili kurudiarudia huko ni pambo, na katika jibu la mtihani kunaweza kutajwa chini ya takriri ya sauti, kamwe si chini ya vina. Hasara itakuwa kuacha kukusikia. Sikio lililolelewa na Kisomali linaona jambo ambalo mwanafunzi wa Nakuru au Kakamega huenda akalipita.

Kina -ka ni rahisi mno. Vitenzi vya Kiswahili vyenye mwisho huo vimejaa tele: vuka, fika, choka, toka, anguka. Mtunzi akikichagua hana budi kuthibitisha kwamba hakukichagua kwa uvivu. Je, “Kivuko” linathibitisha? Orodhesha maneno ya mwisho ya ubeti wa kwanza: hautavuka, hawatafika, yakishataka, asiyekivuka. Mtumbwi umekanushwa. Watu wamekanushwa. Mauti peke yake ndiyo yaliyopewa kitenzi cha kuyakinisha, “huvuka yakishataka”. Kibwagizo kinarudi kwenye ukanusho, ila sasa ndani ya swali, na swali hilo halimwachi mtu nje. Tena neno “vuka” limetumika kama kina mara mbili, mwanzo na mwisho wa ubeti. Mkali wa arudhi atasema kurudia neno kwa kina ni upungufu. Hapa linasameheka, kwa sababu kuvuka kwa kwanza ni kwa mtumbwi na kwa mwisho si kwa mtumbwi tena.

Ubeti wa pili unageuza mambo. Ngamia “walianguka”, jua “likiwaka”: uyakinisho, uyakinisho. Mchungaji “hakuamka”. Ukanusho pekee katika mishororo mitatu ya juu ameupata binadamu.

Na hapo ndipo ulimi ulipojikwaa. Hesabu mshororo huo kwa makini: ka-ji-la-za-m-cha-nga-ni, nane. Ha-ku-a-m-ka, tano. Utao umepungukiwa silabi tatu.

Wanafunzi wengi wakifika hapa hufanya moja kati ya mambo mawili. Kundi la kwanza huhesabu upya kwa ujanja mpaka wapate nane, wakilirefusha neno kwa nguvu. Kundi la pili huandika “mshairi amekosea mizani” na kwenda zao. Wa kwanza wanadanganya. Wa pili wana hoja, maana ushairi wa Kiswahili una jina la utungo wenye kasoro za arudhi: guni. Ila kabla ya kumpiga mtu muhuri wa guni kuna maswali ya kujiuliza. Je, upungufu umetokea mara moja au umetapakaa? Je, umeangukia neno lolote tu au neno lenye uzito? Je, mtunzi alishindwa kuuziba, au aliacha wazi makusudi?

Hili la mwisho linapimika. Jaribu kuziba. “Na tena hakuamka” ni na-te-na-ha-ku-a-m-ka, nane kamili, na kina kiko palepale. Mtunzi yeyote aliyeweza kutunga mishororo saba iliyotimia angeweza kuongeza silabi hizo tatu akiwa amelala. Hakuongeza. Linganisha sasa maana. “Na tena hakuamka” inaeleza kifo cha mchungaji. “Hakuamka” pekee, ikifuatwa na kimya pale ambapo sikio lilikuwa likisubiri silabi tatu zaidi, inamfanya msomaji aguse pengo aliloachiwa. Upungufu huo umetokea mara moja, umeangukia neno la kufa, na ungezibika bila taabu. Dalili zote tatu zinaelekea makusudi.

Mbinu hii haikuanzia Afrika Mashariki wala haikuishia huku. Mmarekani Emily Dickinson, aliyefariki mwaka 1886, ana shairi mashuhuri ambamo Mauti ni msafiri wa gari la farasi anayemchukua mwanamke taratibu, wakipita shule, wakipita mashamba, mpaka jua linapokaribia kuzama. Beti zake zinakwenda kwa silabi nane, sita, nane, sita. Ubeti wa nne unapindua mpangilio: unaanza kwa sita na kufuata nane, mahali hasa ambapo msemaji anagundua kwamba si wao wanaolipita jua, jua ndilo linalowapita wao. Shairi lilipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1890, miaka minne baada ya kifo chake, ubeti huo haukuwemo. Wasomaji wa kwanza walipata gari lisiloyumba hata kidogo, wakapoteza kilichokuwa kinawaambia safari ni ya wapi.

Rudi kwenye kibwagizo baada ya pengo lile. “Kivuko hiki cha wote, nani asiyekivuka?” Nane na nane, timilifu, herufi kwa herufi kama kilivyokuwa katika ubeti wa kwanza. Lakini je, kinasema jambo lile lile? Katika ubeti wa kwanza kuna mto, kuna mtumbwi, kuna ng'ambo. Kivuko kina maji. Katika ubeti wa pili hakuna tone. Mtu amekufa kwa ukame, na bado shairi linasema “kivuko hiki”. Msomaji analazimika kukihamisha kivuko kutoka Tana hadi mahali pasipo na mto. Kibwagizo hakijabadilika neno lolote, mazingira yaliyokizunguka yamebadilika, na maana imehama nayo. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba kibwagizo “kinasisitiza ujumbe”. Ni jibu la kweli lililochoka. Afadhali kuonyesha kimetoka wapi na kimefika wapi.

Kuna neno jingine la kutazamwa katika mshororo ule uliokatika, “kajilaza”. Sarufi ilidai “akajilaza”, silabi tano, na ukwapi ungekuwa tisa. Mtunzi amekata a- ya mwanzo. Hiyo ni inkisari, kufupisha neno kwa ajili ya mizani, na ni moja kati ya mambo yanayoitwa uhuru wa mshairi. Ndugu zake ni mazida, kurefusha neno. Tabdila, kubadili umbo la neno bila kugusa hesabu ya silabi. Na kuboronga sarufi, kupindua mpangilio wa maneno. “Muhitaji” kwa “mhitaji”, tuliyoiona juu, huweza kutajwa kama tabdila, maana silabi ni nne kwa nne. Ajabu ndogo ya mshororo huu ni kwamba mtunzi yuleyule aliyehangaika kupunguza silabi moja kwenye ukwapi ili utimie nane ameacha tatu zikosekane kwenye utao. Hesabu alikuwa anaijua. Kama ushahidi wa makusudi bado haujakutosha, huu hapa mwingine.

Jaribio moja litaonyesha jinsi bahari, yaani aina, mbalimbali za ushairi zinavyoishi ndani ya bahari nyingine. Chukua ukwapi wa mishororo mitatu ya kwanza, uongeze utao wa mshororo wa tatu:

Mto ukijaa maji
Tajiri na mhitaji
Mauti si mngojaji
Huvuka yakishataka

Mizani nane kila mstari, mitatu ina kina kimoja, wa nne una kina chake. Hilo ni umbo la utenzi, lile lile alilolitumia Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 alipokuwa mgonjwa na kumwachia binti yake wasia. Kiarudhi ubeti umetimia. Kimaana umejeruhiwa: tajiri na mhitaji wamebaki bila kitenzi, hatujui wamefanya nini. Utao ndio uliokuwa umebeba kitenzi chao. Jaribio hili linafaa kufanywa kwa shairi lolote la nane kwa nane, kwa sababu linaonyesha kwa haraka kipande kipi kinabeba hoja na kipi kinabeba mapambo.

Ukitaka kupanda ngazi, Mto Tana wenyewe unaonyesha njia. Maji yanayopita Balambala huingia Bahari ya Hindi huko Kipini, na kutoka hapo pwani inaendelea kaskazini hadi Lamu na Pate. Pate ndiko alikotoka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa “Al-Inkishafi”, utungo mkuu wa Kiswahili juu ya kupita kwa dunia, wenye kutazama majumba ya kifahari yaliyogeuka magofu. Mistari yake ina mizani kumi, kwa kawaida ikipumua baada ya sita. Mistari mitatu ya kila ubeti hupatana vina, na wa nne hubeba kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho. Anayekwenda huko akiwa na nane kichwani atachanganyikiwa. Ahesabu kwanza, apate kumi, kisha asome. Lahaja yake, Kiamu, ni ngumu kwa mtu wa bara, na itafaa kupata chapa yenye ufafanuzi.

Kwa upande wa pili yapo mashairi ambayo kuhesabu hakutakufikisha popote. Euphrase Kezilahabi alipotoa “Kichomi” mwaka 1974 alikusudia kuvunja kanuni hizo, na Alamin Mazrui akafuata mkondo wa namna hiyo katika “Chembe cha Moyo” mwaka 1988. Kwenye shairi huru la mauti usitafute mshororo uliopungukiwa, maana hakuna kipimo kilichowekwa ambacho upungufu ungepimwa nacho. Tazama mahali mstari ulipokatwa, neno lililoachwa peke yake, maneno yanayorudiwa. Tazama pia kama mtunzi ameingiza ghafla mistari miwili inayopatana vina katikati ya mistari isiyopatana. Huo ni mshtuko ule ule wa “hakuamka”, umekuja kwa mlango wa nyuma.

Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, ile ya fasihi, swali la ushairi hubeba alama 20, na sehemu yake moja mara nyingi hudai umbo au muundo wa shairi. Jibu lisilo na ushahidi halina uzito. Kwa “Kivuko”, aya fupi ya namna hii ingetosha: shairi ni tarbia, lina beti mbili zenye mishororo minne kila mmoja, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani ni 8,8 katika mishororo yote isipokuwa wa tatu wa ubeti wa pili wenye 8,5, vina vya kati vinabadilika kutoka -ji hadi -ni ilhali vya mwisho ni -ka shairi zima, hivyo ni ukara, mshororo wa nne ni kibwagizo. Kisha sentensi mbili kuhusu ile 8,5 na neno “hakuamka”. Andika namba zenyewe, usiandike “mizani inatofautiana”. Na ukiombwa kuandika ubeti wa pili kwa lugha ya nathari, sahau mizani kabisa: ngamia waliokuwa malishoni walianguka kwa kiu, na mchungaji naye, jua likiwa limewaka juu, alijilaza kwenye mchanga porini asiamke tena. Inkisari ifunguliwe, mpangilio wa maneno urudi mahali pake, koma za vipande ziondoke.

Lililobaki ni kutunga, kwa kuwa hakuna kipimo cha ufahamu kinachouma kama hicho. “Kivuko” halina ubeti wa tatu. Uandike wewe. Utao wa mishororo yote uishie kwa -ka, kina cha kati kiwe chochote isipokuwa -ji na -ni, kibwagizo kibaki kama kilivyo. Epuka “vuka”, imeshatumika vya kutosha, na jiwekee sharti kwamba angalau neno moja la mwisho lisiwe kitenzi: miaka, mipaka, baraka, mashaka. Ukimaliza, mpe mtu mwingine ahesabu akiwa hajaambiwa ulikusudia nini. Akikuambia mshororo fulani una saba, usimjibu kwanza. Tafuta M iliyomponyoka.